Moshi wa Mselele

Klementina alitoka nyumbani kwa Aurelia akichechemea, kigae cha makaa mkononi, akaingia kwa Melkiori. Jiko la Melkiori lilikuwa kaidi kama mwenyewe. Kuni mbichi, moshi unarudi ndani. Akapuliza mpaka machozi yakamtoka. Moto uliposhika, akabandika chungu cha maji matupu, akarudishia mlango, akaenda nyumba iliyofuata.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake tangu mpunga uanze kutia maziwa. Watu wote wa Mselele walikuwa wamehamia madunguni, ng'ambo ya kinamasi, kama walivyohamia kila mwaka. Wanaishi juu ya vichanja hivyo katikati ya mashamba, mchana wanawinga ndege, usiku wanafukuza nguruwe, na hawarudi kijijini mpaka mavuno. Anayeondoka siku mbili anavuna makapi.

Lakini mwaka huo serikali ilitangaza kwamba, kwa ajili ya ugonjwa wa malale, kijiji kitakachokutwa hakina watu ni mahame. Mahame yatachomwa moto, na wenyewe watahamia kando ya barabara ya Ifakara, wapende wasipende. Wakaguzi wangekuja lini? Jumbe Eustaki aliuliza, akajibiwa asubiri. Kana kwamba ndege nao wangesubiri!

Basi wakakubaliana. Klementina, ambaye mguu wake ulikuwa umevimba na hauwezi kinamasi, abaki kuwasha moto katika kila nyumba, ili atakayetazama kutoka mtoni aone kijiji kinapika.

"Ukiuona moshi, baba Yosefina, winga ndege wako," alimwambia mumewe, Donati, siku ya kuagana. "Siku ukiukosa, ndiyo uje mbio."

Wakaguzi walifika jua likiwa limeshakuwa kali. Aliyetangulia alikuwa Fulgensi, karani, kijana wa Lipangalala, kaptula ya kaki imepigwa pasi kweli kweli. Nyuma yake matarishi wawili, matope hadi magotini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni, kaeni."

"Hatukai. Tumeuona moshi tangu mtoni, nikafurahi. Nikasema, hawa wapo." Alisukuma mlango wa Melkiori, akafunua chungu. Akaenda kwa Aurelia, akafunua kingine. Aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika. "Mama, unampikia nani maji?"

Klementina aliona hakuna pa kujificha. "Watu wako madunguni, mwanangu. Mpunga umetia maziwa. Vuka kinamasi uwaone kwa macho yako."

"Sikutumwa kuvuka kinamasi. Nimetumwa kutazama nyumba."

"Na mama yako je? Hakuwahi kuwinga ndege?"

Fulgensi alitazama viatu vyake. "Aliwinga, huko Lumemo. Nilizaliwa dunguni mimi. Lakini Bwana Shauri aliyenituma hakuzaliwa dunguni, na ndiye nitakayemjibu. Amesema nyumba ya mtu ina mtu. Halafu nyinyi mmewasha moto wa uongo. Hapo nitawatetea vipi?"

"Na tusingewasha?"

"Msingewasha tungejua ni mahame tangu mtoni."

"Kwa hiyo ungechoma."

Karani alikuwa na mshahara wake na baiskeli yake, na mtu akishapata hivyo viwili hupungukiwa maneno. Aliwageukia matarishi akawaambia waanze.

Mmoja wao alijipapasa mifukoni. Kiberiti kilikuwa kimelowa walipovuka mto. Klementina akapata tumaini kidogo, tumaini la kijinga. Tarishi aliingia ndani kwa Melkiori akatoka na kijinga cha moto, kile kile Klementina alichokipuliza mpaka akalia, akakiingiza kwenye nyasi za paa.

"Huo ni moto wangu!" Klementina alipiga kelele. "Rudisha moto wangu, mwizi wee!" Alimvamia, mguu ukamsaliti, akaanguka.

Fulgensi alimwinua taratibu, kama mtoto mwenye adabu. "Pole, mama. Toa vyombo vyako kwanza. Yako tutaichoma mwisho."

Hakutoa chombo hata kimoja. Matarishi wakaenda nyumba hadi nyumba, na kila nyumba walikuta moto tayari jikoni. Walipomaliza walimuaga wakashuka mtoni.

Mvua ilikuwa imekatika siku nyingi na nyasi zilikuwa kavu. Moshi ulipanda mnene, ukawaelekea watu wa madunguni. Klementina alimwona Donati kama vile yuko mbele yake: anainua uso, anautazama, anawaambia wenzake kwamba mke wake leo amechangamka, kisha anarudi kupiga kelele kwa ndege wake.

Alikaa chini uwanjani, mguu ameunyoosha, akaanza kuomba moto uishe upesi. Nyumba zilikuwa zimekwenda. Alichotaka sasa ni moshi ukatike, ili aje mtu.