Emily, Songa Kidogo

Kamba ya Mong'ina ya kuanikia nguo ilikatika Jumatatu asubuhi, shuka na sketi yake ya kanisani zikiwa zimeshaanikwa. Ilikuwa kamba nzuri aliyoinunua sokoni Nyamira, wala haikuwa imeoza. Upande mmoja aliifunga kwenye boriti ya paa na upande wa pili kwenye mkaratusi wa mpakani, pale shamba lake lilipoishia na chai ya mdogo wake Obwocha ikaanza. Mong'ina aliokota nguo, akazisuuza upya, akajaribu kuiunga kamba palipokatika. Haikufika. Mkaratusi ulikuwa umesogea.

Aliongezea kipande cha ukambaa wa mgomba, akaanika nguo zake, akaenda kuchuma mboga za managu. Kufikia Alhamisi ukambaa nao ulikuwa umekatika, akatafuta mwingine mrefu zaidi. Alijua sababu. Ilikuwa ni redio.

Lile aliloliita shamba lake lilikuwa ukanda mwembamba ukingoni mwa shamba la marehemu baba yao, mzee Ogoti, kwenye mteremko mkali kama ilivyo miteremko yote ya huko. Kuku wake akitaga nje ya kiota, yai lilibingirika hadi kwa Obwocha, na Gladys, mke wa Obwocha, alilirudisha au hakulirudisha, ilitegemea na siku.

Mong'ina alipewa ukanda ule aliporudi kutoka Ogembo. Huko aliolewa na mtu aitwaye Nyangau, ambaye baada ya muda alileta mke mwingine na kumwomba Mong'ina ahamie jikoni kwa siku chache. Siku chache zikawa miaka. Mchana mmoja Mong'ina alitumwa chumvi, na redio ya dukani ikapiga wimbo wa Sironga Success, bendi aliyoipenda tangu akiwa msichana. Wimbo wenyewe hauna mambo mengi. Mtu amefika kwenye sherehe akakuta benchi imejaa, na katikati ameketi Emily, kibeti chake kimewekwa kando yake kama mgeni wa pili. Mwimbaji anamwomba, tena bila haraka yoyote: Emily, songa kidogo. Anamwomba hivyo wimbo mzima. Kisha linaingia gitaa la Thadeus, mpiga gitaa wa bendi, na kila mwenye masikio anaelewa kwamba Emily amesonga.

Mong'ina alisimama pale dukani na chumvi mkononi mpaka gitaa likaisha. Alijua, waziwazi kabisa, kwamba duniani kulikuwa na nafasi yake mahali fulani. Alifurahi. Akaipeleka chumvi nyumbani, maana watu walikuwa wanaisubiri, akafunga nguo zake, akaondoka.

Obwocha hakuwa mtu mbaya, na hata angekuwa mbaya asingeweza kumfukuza. Ng'ombe waliotoka kwa kina Nyangau kama mahari ya Mong'ina ndio haohao waliokwenda kumtolea Gladys mahari, na wazee wa kijiji walikuwa bado wanawakumbuka kwa rangi. Basi akampa dada yake ukanda, akamjengea nyumba ya mabati, na akamwekea sharti moja.

"Panda kitu inaisha," alimwambia. "Mahindi ni sawa, maharagwe, mboga ya managu na chinsaga, hiyo yote ni yako. Lakini kitu ya kukaa usipande. Majani chai hapana, miti hapana, ndizi hapana."

Hakuhitaji kueleza zaidi. Apandaye kinachokaa amekaa, na binti aliyekwisha kuozwa hakai kwa baba yake, amefikia tu. Mong'ina alilielewa sharti hilo kama alivyoelewa mvua. Ila alitamani mgomba. Hakutamani shamba la migomba, alitamani shina moja tu nyuma ya jiko, lizae machipukizi, limwagiwe maji ya vyombo. Kwao nyumba isiyo na mgomba nyuma yake inafanana na kambi ya watengeneza barabara, na Mong'ina alikuwa amechoka kuishi kambini.

Lewis wa duka la simu mjini Nyamira ndiye aliyemtilia nyimbo zote za Sironga Success kwenye flashi, wiki moja kabla ya ile kamba kukatika, na tangu hapo Mong'ina akawa anazipiga kila asubuhi akifua au akipalilia. Shamba likaanza kupanuka. Nyimbo za taratibu ziliongeza ardhi upande wa barabara. Nyimbo za kuchezwa ziliongeza upande wa mto. Na kila lilipoingia gitaa la Thadeus, ardhi iliyoongezeka ilikuwa tambarare, kitu ambacho watu wa kijiji kile walikuwa wamekiona Kisumu tu. Hakuna jirani aliyepungukiwa hata shubiri. Watoto walikuja kucheza mpira pale, kwa kuwa mpira uliopigwa ulisimama uliposimama na wala haukukimbilia mtoni.

Thadeus mwenyewe yuko hai. Ana kishamba kidogo kwao Sironga na anagombania mpaka na jirani yake.

Watu walizoea upesi. Gladys alilalamika kwamba kwenda kuomba kiberiti kwa wifi yake kumekuwa safari, akaanza kupiga simu kwanza kuuliza kama kiberiti kipo. Nehemiah, mzee wa kanisa, alikuja kumwonya Mong'ina kuhusu muziki wa dunia. Mong'ina alimweleza kwamba redio huizima Ijumaa kabla ya jua kuzama na haiwashi tena mpaka Sabato iishe. Nehemiah akaenda mpakani, akautazama mkaratusi alasiri nzima ya Sabato. Haukusogea. Ardhi nayo ilikuwa inapumzika, na mzee wa kanisa hakuona la kuongeza. Alikunywa uji akaenda zake.

Obwocha alikuja Jumapili.

"Bwakire, dada."

"Bwakire buya. Karibu kiti."

Obwocha aliketi kwenye benchi mlangoni, akaitazama ile tambarare hadi mwisho wake. Alikuwa na vijana wanne wa kiume, na chai yake ilikuwa imeshafika ukutani mwa nyumba yake, kiasi kwamba Gladys akifungua dirisha la jikoni matawi yaliingia ndani.

"Hii shamba imekuwa kubwa," alisema.

"Imekuwa."

"Na ni redio tu?"

"Ni Sironga Success. Nyimbo zingine nilijaribu, hata kwaya. Hakuna kitu."

"Niazime basi."

Mong'ina alimwazima, na roho yake ilikuwa safi kabisa. Obwocha aliiweka redio juu ya kisiki katikati ya chai yake, akapiga nyimbo zote kwa sauti ya juu, huku amekaa akiukodolea macho ua wake wa mpakani. Hakuna kilichotokea. Obwocha hakuwa anasikiliza wimbo, alikuwa anasikiliza ua. Alirudisha redio kabla ya chakula cha mchana, akashukuru, na wiki iliyofuata akaita kikao cha ukoo.

Kikao kilifanyika mpakani. Wazee walikaa upande wa chai, kwenye viti vya Gladys vyenye vitambaa. Mong'ina alikaa upande wake, kwenye benchi yake, redio mapajani. Walikuwa karibu kiasi cha kupokezana kikombe. Mwenyekiti alikuwa mzee Abner, mdogo wa marehemu baba yao. Mpima ardhi aliyetoka mjini, Josiah, alikuwa ameshapima kila upande na sasa alikuwa anakunja utepe wake.

"Ramani haina shida," Josiah alisema. "Majirani wote wako sawa, kila mtu ako na yake. Ni hii shamba tu imezidi."

"Imezidi kutoka wapi?" Abner aliuliza.

"Kutoka ndani."

Wazee wakaitikia kwa vichwa. Abner akaomba ushahidi usikike, na Mong'ina akaweka wimbo wa Emily. Mzee Abner alisikiliza ameegemea fimbo, na lilipoingia gitaa mguu wake wa kulia ukaanza kupiga chini wenyewe.

"Rudisha hapo kwa gitaa," alisema. Mong'ina akarudisha. "Hii wimbo mimi niliisikia Kericho nikichuma majani ya wenyewe. Niliacha kikapu hapohapo. Nikarudi nyumbani, nikaomba baba shamba, akanipa. Bila hii wimbo ningezeekea kwa kambi. Rudisha tena."

Akafuta macho bila kuficha. Wimbo ulirudishwa, na kila uliporudishwa benchi ya Mong'ina ilikwenda mbali kidogo na viti vya wazee. Ilibidi Josiah afungue utepe wake tena. Kikombe cha Abner kilibaki upande wa Mong'ina na hapakuwa na mkono wa kukifikia. Wazee walipomaliza kushauriana, ilikuwa lazima wapige kelele, na kupiga kelele kwenye kikao cha ukoo si adabu. Gladys akampigia wifi yake simu, akaiweka sauti ya juu, akamshikia Abner mdomoni.

"Mama, unanisikia?"

"Nakusikia, mzee," alisema Mong'ina. Walikuwa wanaonana vizuri tu.

"Tumeongea. Hii ardhi imezaliwa ndani ya shamba ya Ogoti. Mtoto akizaliwa kwa boma ni wa boma, hatuulizi amekuja aje. Na boma ni ya vijana. Kwa hivyo ile imezidi, Obwocha atagawia vijana wake. Wewe utabaki na kile kipande ulipewa. Hakuna mtu anakufukuza."

Upande wa pili Obwocha alikuwa anatazama viatu vyake.

"Sawa, mzee. Naomba tu mgomba mmoja. Nyuma ya jiko."

Kwenye simu zilisikika sauti za wazee wakizungumza. Walizungumza kwa muda mrefu kuliko walivyozungumza juu ya ile ardhi yote. Gladys alisikika akisema kwamba mgomba mmoja si neno, na mtu akamjibu kwamba hakuulizwa.

"Ndizi inakaa, mama," alisema Abner hatimaye, na sauti yake ilikuwa na huruma ya kweli. "Ukipanda, kesho mtu atauliza ni ya nani."

"Na nikiweka kwa ndoo?"

Wazee wakashauriana tena. Hawakuwahi kuulizwa hilo.

"Kwa ndoo haijapandwa," alisema Abner. "Hiyo imewekwa tu. Weka."

Vijana wa Obwocha waliipanda ile tambarare chai mwezi huohuo, mistari iliyonyooka ambayo watu walitoka Keroka kuja kuiona. Ua mpya ukapita palepale ulipokuwa wa zamani, na kuku wa Mong'ina akawa tena anataga mayai yanayobingirika. Iliuma, na hakuna haja ya kusema haikuuma. Mong'ina alilala mchana na viatu miguuni, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya. Alipoamka alimwomba Gladys ndoo, na Gladys akamletea ile kubwa ya kukamulia, ambayo haikuwa mbovu hata kidogo, pamoja na chipukizi la mgomba lenye mizizi mizuri.

Sabato ilipoisha, Mong'ina aliwasha redio. Hakuwasha kwa ajili ya ardhi. Aliwasha kwa sababu alikuwa amezikosa zile nyimbo, na nyama ya mwili wake ilizitaka kama inavyotaka ugali. Emily akaombwa asonge, Thadeus akaingia, na Mong'ina akiwa peke yake nyuma ya jiko akacheza, akiwa ameshika ukingo wa ndoo kama anayecheza na mtu mfupi. Asubuhi kamba ya nguo ilikuwa imekazika kama waya wa gitaa. Safari hii hakungoja ikatike. Alikuwa amenunua nyingine ndefu mno mjini, akaizungusha kwenye boriti, na kila asubuhi akawa anailegeza kiasi.

Sasa ndivyo wanavyoishi. Obwocha huja mapema na miche ya chai kwenye gunia, hubisha hodi, huketi kwenye benchi mlangoni kungojea. Mara nyingi huja na maziwa, na mara moja alimletea shuka mpya. Ardhi inapoongezeka huamka, hupanda miche yake hadi kwenye ua wa zamani, hushukuru, huenda. Hajawahi kuchukua hata shubiri ya kile kipande alichompa dada yake. Mong'ina huchemsha chai. Ameshajua ni wimbo upi wa upande wa barabara na upi wa upande wa mto, na akiombwa na vijana humpigia kila mmoja upande wake, kwa kuwa ni watoto wa mdogo wake na anawapenda.

Mgomba wa kwenye ndoo ulizaa. Mkungu wake ulikuwa mdogo, ndizi zake kama vidole vya mtoto, lakini zilikuwa tamu kupita zile za shambani, na Gladys alisema hivyo mbele ya mume wake.

Jumatano iliyopita Obwocha alikuja kama kawaida. Alitua gunia la miche kando yake juu ya benchi, akachuma ndizi moja, akaimenya.

"Weka ile ya Emily," alisema.

Mong'ina akaiweka. Obwocha aliimba naye, maneno ameshayashika yote, na aliimba vizuri, maana kwao wote wana sauti. Mong'ina alitoka na vikombe viwili vya chai, akakuta hana pa kukaa.

"Songa kidogo," alimwambia.

Obwocha aliweka gunia chini, akasonga hadi mwisho kabisa wa benchi, akampangusia dada yake mahali pa kukaa. Kwenye benchi hakuwa na shida yoyote.