Damu ya Kitovu cha Mdogo Wake Kidoti

Fundi cherehani alikuwa na mimba ya miezi minane wakala alipokuja kugonga mlango, mkobani ana karatasi za kumetameta. Kampuni yake ilihifadhi damu ya kitovu, ambayo huweza kutibu saratani ya damu kama uboho unavyotibu, kwenye baridi kali, miaka nenda miaka rudi, kwa ajili ya mtoto mwenyewe na ndugu zake tu.

Mumewe hakumalizia hata chai. "Tuweke, mama Kidoti. Tulishaumia mara moja."

Kidoti alikuwa mtoto wao wa kwanza, mwenye doa jeusi shavuni na maneno mengi kuliko umri wake. Saratani ya damu ilimchukua akiwa na miaka sita. Mwaka mzima walimtafutia mtu mwenye uboho wa kuoana na wake. Wao walipimwa, shangazi zake wakapimwa, wapi. Kila simu ilipolia mama mtu aliruka, na kila mara alikuwa mteja anaulizia gauni lake.

Kliniki fundi alimuuliza mkunga bila kuzunguka kama aiweke. Mkunga alivua miwani.

"Sikatazi. Angekuwepo ndugu mgonjwa, ningekwambia weka leo hii. Lakini huyu akija kuugua kama dada yake, damu yake mwenyewe huenda isimfae, maana ugonjwa unaweza kuwa umo humohumo tangu tumboni. Ipo benki ya umma. Ukitoa, anapewa yeyote itakayeoana naye."

"Na wangu akihitaji?"

"Atatafutiwa humo, pamoja na wa wenzio."

Mumewe alinuna siku tatu. "Yaani tuwape watu baki?"

"Mwaka mzima ule tulikuwa tunamsubiri nani, baba Kidoti?" alimjibu taratibu. "Si mtu baki?"

Kesho yake mumewe alisaini fomu ya benki ya umma.

Mtoto alizaliwa asubuhi, wa kiume, sauti yake ikisikika hadi getini. Mkunga alipokwisha kukinga damu ya kitovu kwenye mfuko, fundi aliomba aushike ule mfuko. Ulikuwa mdogo, umejaa nusu, bado una vuguvugu. Aliung'ang'ania mpaka wakambembeleza autoe.

"Umejuta?" mumewe aliuliza, sanduku la baridi lililobeba mfuko lilipokwisha kuondoka.

"Sijajuta. Natamani tu ingekuwa inakwenda kwake."

Mumewe alikaa kitandani, akamwegemeza begani, na hapo wakamlilia Kidoti kama hawajawahi kumlilia, mdogo wake naye akilia njaa yake katikati yao.