Mashine Bado Inafikiri

Pesa za mahindi zilinunua mashine. Ilikuwa mwaka wa 1984, mvua ilikuwa imekosa mara mbili, na kanisa moja karibu na Mukuyuni lilikuwa limechanga pesa za kulisha wenye njaa. Wasio na pesa walileta kuku na mbuzi, ambao walipigwa mnada nje baada ya ibada. Aftin, mfanyabiashara wa mifugo, alinunua mbuzi wote. Walikuwa wamekonda, lakini hakubishana bei kwa sababu aliambiwa pesa ni za chakula.

Halafu akaja mtu kutoka Nairobi akiuza mashine inayofikiri. Ilikuwa ya chuma, kubwa kama kabati, na haikutaka stima. Alisema itaifikiria njaa mpaka iipatie dawa.

Kamati ilikaa. Mwenyekiti Ndolo alisema mahindi yataliwa yaishe, lakini mashine itamaliza njaa ya Ukambani yote, hata ya wajukuu ambao hawajazaliwa.

“Mwenyekiti, hawa waliozaliwa je?” akauliza Mbula wa kikundi cha akina mama. “Ama nirudi nyumbani nichemshe akili?”

Watu walicheka. Kura zikalingana. Musembi, mweka hazina, aliyekuwa bado hajapiga yake, akainua mkono upande wa mashine. Uji ambao kanisa lilikuwa likiwagawia watoto ukasimama wiki hiyo. Kalunde, mtoto wa Ndila, dada yake Musembi, alikuwa akiunywa kila siku.

Mashine iliwekwa kando ya mimbari. Ukiiuliza dawa ya njaa, ilijibu kwa Kikamba kizuri, “Ngojeni. Ninafikiri.” Mwanzoni ilitumia sauti ya mzee Ndululu. Ndululu akazikwa. Ikachukua sauti ya Nzilani, na wanawe wakaenda kutafuta mbao za jeneza siku hiyo hiyo, kabla hazijapanda bei. Watu walizoea. Asubuhi waliingia kanisani, wakasikiliza sauti ni ya nani, na ambaye hakuisikia yake alikwenda kutafuta maji.

Jumanne moja Musembi aliingia akauliza.

“Ngojeni,” mashine ikasema kwa sauti ya Kalunde. “Ninafikiri.”

Musembi alikimbia sokoni kwa Aftin.

“Nipe gunia moja tu, uchukue mashine.”

“Inafanya nini?”

“Inafikiri.”

“Bwana Musembi, mimi nilitoa pesa ya mahindi. Mahindi iko wapi?”

Aftin alimpimia unga bila malipo. Musembi akaupeleka kwa Ndila, naye akakoroga uji akauweka mdomoni mwa mtoto, ukatoka ulivyoingia.

“Umechelewa, kaka,” akasema, akampangusa mtoto kidevu.

Mvua ilinyesha Novemba. Jumapili mashine ikatangaza kwamba imemaliza kufikiri.

“Mngenunua mahindi,” ikasema, kwa sauti ya Ndolo.

Ndolo alishika benchi kwa mikono miwili. Kisha akasimama, akasema jibu ni sahihi kabisa, mashine ni nzuri, shida yake ni kwamba iko polepole. Akaomba wachange wanunue ya pili. Wakachanga.

Hadi siku hiyo, ile ya kwanza ilikuwa imegharimu magunia sitini ya mahindi na watu kumi na wanne, tisa kati yao watoto. Ndolo alizikwa wa kumi na tano.