Fundi Aliyetaka Kifusi

Tangu lini fundi akaomba kifusi? Mwanaasha alijiuliza hivyo asubuhi nzima, huku akimtazama Gaspar anavyogonga kiambaza kwa mpini wa nyundo, sikio kalibandika ukutani kama anasikiliza siri za watu.

Kazi yenyewe ndogo tu. Kina mama wa mtaa wao pale Temeke walikuwa wanaanza ushirika wa kushona, na vyerehani vinne vinakuja Jumatatu. Mjumbe wa nyumba kumi alisema vitakaa kwa Mwanaasha, mradi avunje ukuta kati ya vyumba viwili apate ukumbi. Mwanaasha ni mjane. Marehemu Sadallah hakumwachia kitu kingine ila nyumba hii.

"Ujira sitaki, mama," alisema Gaspar kwa lafudhi yake ya kusini. "Mtaniachia kitakachotoka ukutani, basi."

"Kitakachotoka kitu gani?"

"Si kifusi hiki hiki." Akainama, akapapasa chini ya ukuta. "Nyumba ya siku nyingi hii. Kajenga nani?"

"Marehemu kaka yangu," akadakia wifi yake, Somoe. "Na kabla yake palikuwaga na banda la Mjerumani."

Gaspar akatabasamu peke yake. Akasema anakwenda kuazima mkokoteni, wasiguse kitu mpaka arudi.

Hajafika hata kona, Somoe kafunga mlango. "Wifi, umesikia? Tusiguse! Rupia hizo! Mjerumani kakimbia vita kafukia rupia kila mahali, na alama zake wanazijua hao hao wa kusini. Kuna mtu Kawe kavunjiwa choo bure hivi hivi, kesho yake fundi kafungua duka."

"Nani kakwambia?"

"Si watu!"

Mwanaasha alitaka kucheka, ila akalikumbuka lile sikio ukutani. Akachukua jembe.

Wakaanzia chini, pale pale alipopapasa fundi. Udongo ukamwagika, fito zikakatika. Hamna rupia, hamna hata kigae. Wakazidi kuchimba, mpaka nguzo ya kati ikacheza. Juu bati likalia kriii, mwamba wa paa ukashuka kiasi cha kiganja, vumbi likawajaa machoni. Somoe huyo, uani.

"Nyumba yangu mie!" Mwanaasha akaikumbatia nguzo, akaibana kwa bega.

Bahati Gaspar alikuwa amesahau kamba yake. Aliposukuma mlango akaganda.

"Mama! Hata banda la kuku halivunjwi kwa kuanzia chini! Shikilia hapo hapo, usitikisike." Akatoka mbio.

"Kakimbia huyo," Somoe akasema kupitia dirishani. "Anangoja litudondokee, aje kuokota."

"Litanidondokea mie. Wewe si uko uani?"

Bega likawaka moto. Mtu mwenyewe hamjui kwao, hamjui mkewe. Kwa nini arudi?

Magurudumu yakalia nje. Gaspar akaingiza nguzo tatu za mikoko, mpya. Akazisimamisha chini ya mwamba moja moja, akagongea kabari. Bati likanyamaza.

"Achia sasa."

Hakuachia.

"Achia, mama."

Akaachia. Paa likakaa.

"Umezitoa wapi?"

"Kibandani kwangu, nyuma ya soko. Sijamaliza kujenga, mikoko siku hizi haionekani. Hizo tatu zibaki zikubebee paa. Humo ukutani zimo zaidi ya kumi, nimezigonga, mchwa hajaonja hata moja."

"Kumbe ulikuwa unataka nguzo! Sasa kwa nini ukasema kifusi?"

Gaspar akajikuna shingo. "Ningesema nguzo, mngeniuzia."

Mwanaasha akamtazama weee. Kisha akavuta kigoda, akakiweka katikati ya vumbi, akakaa.

"Nguzo chukua. Ila mie siondoki hapa mpaka bonge la mwisho la udongo litoke nje," akasema. "Haya, vunja. Anzia juu."