Foleni ya Mawe Nyamuswa

Ijumaa asubuhi, siku ya mgao wa sukari, Wankyo alilikuta jiwe lake pale pale, la kwanza mlangoni pa duka la kijiji Nyamuswa. Akalipangusa vumbi kwa kanga, akarudi zake kupalilia pamba. Miaka ile ya dhiki nani angesimama juani kutwa nzima? Uliweka jiwe, likakushikia zamu. Mawe yaligusana toka mlangoni hadi kituo cha basi, na kila mtu alilijua lake kama mbuzi wake. Sukari haikufika. Meneja Stanislausi aliapa kwa Bikira Maria kwamba haijatoka Musoma.

Wankyo, mama Mseti, alikuwa na haraka. Mama mkwe wake, Boke, alilala kitandani, amekataa kufa mpaka anywe chai ya sukari.

"Ya chumvi nimekunywaga vya kutosha," alisema. "Siendi mbinguni na mdomo mchungu."

Mwaka themanini na nne, jioni moja, redio ikatangaza kwamba mwenye bidhaa na auze. Kulipokucha duka la kijiji lilikuwa la Stanislausi, rangi mpya mlangoni, sukari imejaa hadi dirishani, bei haishikiki. Foleni ikafutwa.

Stanislausi akalipiga teke jiwe la Wankyo ili afagie. La pili likashtuka, la tatu likashtuka, mtikisiko ukatembea taratibu hadi kituo cha basi, na wenye mawe wakaruka kila mmoja alipokuwa: Burito juu ya baiskeli, Susana katikati ya Salamu Maria. Wankyo aliruka matuta mawili, jembe mkononi, akaendelea kupalilia. Tangu hapo mawe hayakutulia. Yalizurura sokoni na mbuzi wiki nzima, na Ijumaa yakarudi kwenye mstari, kila moja nafasi yake.

Felisiani, mwalimu wa fizikia wa Musoma, aliyaona akingoja basi la Bunda.

"Hiyo ni kama fizikia ya kwanta, ya vitu vidogo visivyoonekana," akasema. "Chembe zilizoshikamana sana, ukizibadilishia hali ghafla, hazipoi kama chai. Nyingine zinarudi zilikoanzia, tena na tena."

"Hata sisi, mwalimu," Wankyo akajibu. Basi likaja, Felisiani akapanda.

Ijumaa iliyofuata mawe yalijipanga, lakini uani kwa Stanislausi, la Wankyo likiegemea mlango wa stoo. Mlango ukafunguka. Ndani kulikuwa na magunia ya sukari yenye muhuri wa kijiji, ya miaka yote ile ambayo haikufika. Sisimizi walikuwa wanajua siku nyingi.

"Hii ni sukari ya foleni yetu," Wankyo alisema. "Nipe kikombe kimoja tu cha mama."

"Mama Mseti, foleni imefutwa," Stanislausi akamjibu kwa upole. "Hii sasa ni biashara huria. Nikupimie kilo ngapi?"

Watu wakaguna, "Mmh, makubwa," wakarudi mashambani. Stanislausi akayashikiza mawe kwa saruji, akayafanya ngazi ya duka. Siku ya Ijumaa ngazi haipo, imeenda uani kujipanga, naye anauzia dirishani.

Padri amekuja tena kumpaka Boke mafuta matakatifu. Boke kamsukuma mkono.

"Rudi siku nyingine, padri. Sisi ndio wa kwanza kwenye foleni."