Banda Jipya la Chatu

Wiki ile Maduhu aligeuka fundi kuliko mafundi wenyewe. Mtu ambaye mlango wa choo chake ulikuwa ukining'inia kwa bawaba moja tangu Pasaka, sasa alikuwa anapima mbao, anapiga randa, anapima tena, yote kwa ajili ya chatu wawili wachanga ambao hata kuku hawakuwajali. Mkewe, Scola, alimshikia mbao zisicheze. Alishika huku roho ikimsuta, maana banda lile lilikuwa linajengwa kwa sababu ya uongo, na mwenye uongo alikuwa yeye.

Maduhu alikuwa mcheza ngoma ya nyoka, kama marehemu baba yake aliyehamia Lusahunga na ng'ombe wake kutoka Shinyanga. Scola alikuwa Mhangaza wa Ntobeye, binti wa katekista Bonaventura, na siku alipoolewa shangazi zake walipiga ishara ya msalaba mara nyingi kuliko padri. Lakini alimpenda mwanamume wake, na chatu akawazoea mradi wakae chunguni. Chungu chenyewe kilikuwa cha baba mkwe, kikubwa, cheusi, kimelea nyoka wa nyumba ile kabla Maduhu hajajua kutembea. Mwaka huu kilikuwa na wanne, walioanguliwa kutoka kwenye mayai yaliyofukuliwa na wakulima shambani.

Kisha mtoto wao, Deodata, akaanza kutambaa, na chungu kilikaa kwenye kona ya chumba kile kile alimotambaa. Scola hakutaka kuua kiumbe. Alitaka tu wasitoke. Alikumbuka mama yake alivyokuwa akimwaga mafuta ya taa kizingitini nyoka wasiingie ndani, basi akalowanisha kitambaa kwa mafuta ya taa, akakizungusha kwenye mdomo wa chungu, akafunika. Kulipokucha wawili walikuwa wamekufa midomo wazi, na wawili wengine wamelegea. Alikitoa kitambaa haraka, akakitupa chooni, ndipo akamwita mumewe.

Maduhu aliwapapasa, akakuta miili ya baridi. Ilikuwa Julai.

"Baridi," alisema. "Chungu hiki kimewaua."

Akakibeba hadi uani, akakibamiza chini mbele ya mama yake, Limi. Bibi yule aliinama kuokota vigae, na Scola akainama naye, akaokota. Kitako cha chungu Limi alikiweka kando ya jiko, kuku wawe wananywea maji. Tangu siku ile, kuku wakienda kunywa, Scola hugeuza uso.

Banda, tuseme haki, lilikuwa zuri. Mbele lilikuwa na kioo cha dirisha, ubavuni waya wenye matundu madogo ambayo kidole cha mtoto hakipiti, na mlango wake ulikuwa na komeo na kufuli. Ndani mlikuwa na beseni la maji, gogo lenye uwazi wa kujifichia, na juu glopu ya kutia joto, imezungushiwa waya ili chatu wasije wakaungua.

"Hapo baridi itawapata wapi?" Maduhu alisema. "Wale wawili niliwaua kwa uzembe wangu. Hawa hapana."

"Acha kujilaumu, Baba Deodata," Scola alijibu, kama alivyojibu kila siku, na kila siku alijichukia zaidi.

Alasiri Maduhu alikwenda gereji, barabarani yanakoegeshwa malori ya Rusumo, akarudi na kidumu cha oili chafu. Akaanza kupaka mbao, nje na ndani. Harufu ikajaa uani kote. Scola akakikumbuka kile kitambaa.

"Huko ndani usipake," alisema.

"Mchwa wa hapa huwajui? Masika hawataacha hata ubao mmoja."

"Lakini hiyo harufu."

"Mama Deodata, hata banda la kuku tunapaka. Harufu haiui nyoka. Kinachoua ni baridi."

"Basi waendelee kukaa kwenye kapu hadi oili ikauke."

"Kapu limetoboka, na halina joto. Unataka nirudie kosa lile lile?"

Limi alikuwa ameketi mlangoni, amempakata Deodata, anawatazama. Maduhu akaleta kapu, akawaingiza chatu mmoja mmoja kwa upole wa mkunga, akafunga kioo, akawasha glopu. Akarudi nyuma kidogo, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu vile vifo.

Scola akainamia kioo. Mwanzoni walitulia. Kisha yule mdogo akainua kichwa, akakisukuma kwenye kona ya kioo, akafungua mdomo. Scola aliufahamu mdomo ule. Angeweza kunyamaza. Wangekufa, Maduhu angeilaumu glopu, angevunja na banda, na yeye angemwambia tena aache kujilaumu. Hakuna ambaye angejua.

"Watoe!" alipiga kelele. "Watoe, watakufa kama wale! Wale hawakuuawa na baridi. Ni mafuta ya taa. Niliyaweka mimi, kwa kitambaa, kwenye mdomo wa chungu. Nilimwogopea mtoto."

Maduhu alifungua mlango, akawatoa wote wawili, akawatia ndani ya shati lake na kusogea mbali na banda. Hakumtukana. Scola alitamani amtukane.

Aliyesema ni Limi. "Kwa hiyo chungu cha baba yako hakikuwa na kosa."

"Hakikuwa na kosa, mayu," Maduhu alimjibu mama yake, akitazama chini.

Scola alimpigia magoti mama mkwe. "Nisamehe, mama."

"Siku ile uliokota vigae pamoja nami," Limi alisema taratibu. "Nikadhani unanionea huruma."

Scola akalia. Lakini jua lilikuwa linazama, kijibaridi kinaanza, na wale wawili walihitaji pa kulala. Aliingia ndani, akamwaga kitandani vitenge vyake vyote, akakokota hadi uani sanduku lake la mninga, lile alilopewa na baba yake siku ya harusi.

"Walale humu," alisema. "Litoboe matundu ya hewa."

Maduhu alilitazama sanduku, halafu akamtazama yeye. "Hujawahi kutia dawa ya nondo humu?"

"Sijawahi."

Zamani jibu hilo lingemtosha. Sasa Maduhu alimkabidhi mama yake wale chatu, akapiga magoti, akaingiza kichwa sandukuni. Akanusa pembe moja, akanusa ya pili, akanusa zote nne, kisha akageukia kifuniko. Scola alisimama pale pale akimsubiri amalize.