Nukta Arobaini na Moja

Sindano alikuwa mpangaji wa kurasa katika kiwanda kidogo cha uchapaji alichowaachia baba yao, yeye na kaka yake. Jina hilo alibandikwa na kaka tangu utotoni, kwa wembamba wake na ulimi wake. Kaka alishika ofisi ya mbele na wateja. Sindano akashika chumba cha nyuma, kompyuta mbili na feni iliyolalamika kuliko wafanyakazi wote.

Miswada ilikuja na uchafu wa kila namna: nafasi mbili baada ya nukta, mikato iliyoachana na maneno yake, alama za kunukuu zilizofunguliwa zikasahaulika. Alichoka kuokota mojamoja kama mtu anayechambua mchele. Akajifunza, akaandika programu. Kazi ya siku nne ikawa inakwisha kabla hajamaliza kupiga chafya.

Ndipo kikaja kitabu cha mkunga mstaafu, kumbukumbu zake za wodini. Programu ikakisafisha. Sindano akapitia kurasa tatu za mwanzo, akaridhika, akampelekea mwenyewe nakala ya kuhakiki.

Siku ya tatu mkunga akaingia, karatasi kwapani.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Nani kazila nukta zangu?”

Sindano akacheka. “Hazijaliwa, mama. Penye kimya huwekwa nukta tatu tu. Wewe uliweka msururu, programu ikadhani kidole kimeganda.”

Mkunga hakucheka. Akafungua ukurasa wa sitini na mbili. “Soma.”

“Mtoto alitoka kimya. Nikampangusa, nikamgeuza, nikamsugua mgongo... Akalia.”

“Hapo niliweka arobaini na moja. Kila nukta ni pumzi yangu moja, nikiisubiri yake. Nilizihesabu, mwanangu, mama yake kaning’ang’ania mkono.” Akafunua mbele zaidi. “Huyo alilia. Huyu wa ukurasa wa tisini na nane hakulia. Nukta zake zilijaza ukurasa mzima. Wewe umempa tatu.”

Sindano akautazama ukurasa. Nukta tatu juu, chini weupe mtupu. Masikio yakamwaka moto. Asingeweza hata kujitetea kwamba hakuelewa, kwa kuwa hakuwa ameusoma.

“Nitazirudisha zote,” alisema.

Kaka alikuwa amesimama mlangoni. “Hurudishi kitu. Karatasi zimeshapangwa, kesho kitabu kinaingia mashineni. Nukta ni tatu, ndio utaratibu.”

“Hakiingii.”

“Nani kasema?”

“Mimi niliyekiharibu.”

“Programu umeiandika mwenyewe, leo unaikana?”

“Siikani. Ni yangu, ndiyo maana nitaifunza adabu.”

“Mimi ni mkubwa wako!”

“Umenitangulia kuzaliwa, kaka. Kuusoma ukurasa huu hujanitangulia. Haya, soma.”

Kaka hakuupokea. Sindano akaichukua fomu ya kuruhusu uchapaji, akaikunja, akaikalia. Kaka akamgeukia fundi mitambo aliyekuwa akifuta mikono kwa tambara. “Kesho washa mashine.”

“Bila sahihi yake siwashi, bosi,” fundi alijibu taratibu. “Sheria ya marehemu baba yenu hiyo. Mfufue kwanza aifute.”

Kaka akatoka na kuubamiza mlango.

Siku mbili Sindano na mkunga walikaa bega kwa bega, muswada wa awali kando ya kompyuta, wakihesabu nukta kwa sauti. Walipofika ukurasa wa tisini na nane, sauti ya mkunga ilikatika. Sindano akaendelea peke yake mpaka mwisho. Kisha akaifungua programu yake na kuiongezea amri: ikikuta nukta zaidi ya tatu isiguse, isimame, iulize.

Nyumbani kaka alimnunia wiki nzima. “Mwambieni huyo anipe chumvi,” alisema mezani.

“Chumvi iko mbele yako,” mama yao akamjibu. “Na mikono unayo.”

Kitabu kilitoka na nukta zake zote. Mkunga alipokuja kuchukua nakala hakushukuru sana. Alifungua kurasa zake mbili, akatikisa kichwa kukubali, akaondoka.

Kaka bado anataka ile amri ifutwe, eti inachelewesha kazi. Sindano amekataa. Kila programu inaposimama kuuliza, kaka huguna kutoka ofisini, na Sindano, dada yake, humjibu bila kuinua macho, “Guna tu, kaka. Mimi nasoma.”